Siri ya Dada Mshonaji

Kila alasiri akitoka shule, Chiriku alipitia wodini kumsubiri mama yake, muuguzi. Jina hilo la utani alilipata kwa haki, maana mdomo wake haukujua likizo. Lakini wodini alitulia tuli akimtazama mama kwa fahari. Mama alivaa shingoni kifaa kidogo cha kuongelea. Daktari akiita, mama alibonyeza kitufe mara moja, akamjibu huku mikono yake ikiendelea kufunga kidonda. Na kila mara alitanguliza maneno yaleyale: "Niko na watu." Hapo daktari alinyamaza mpaka mama aingie chumba cha dawa na kufunga mlango.

Siku hiyo mama alikuwa akimwinua bibi mmoja kitandani, mikono yote miwili imebanwa, kifaa kikaita. Chiriku akaona nafasi ya kusaidia ndiyo hii. Akaruka, akabonyeza kitufe. "Sema tu, daktari, mama anakusikia!"

"Yule mshonaji aliyeanguka," sauti ikajaa chumba kizima, "ana kifafa. Mwanzishie dawa leo."

Kwenye kitanda cha pili alilala dada mshonaji mwenyewe, yule aliyeshona sare za shule yao. Alitupa shuka kando, akavaa viatu.

"Naenda zangu! Kesho mtaa mzima utajua. Nani ataniletea nguo tena?"

Chiriku alitamani ardhi ipasuke immeze. Dada akiondoka bila dawa ataanguka tena, pengine kwenye jiko la moto.

Mama hakugomba wala hakumtupia mtu lawama. Alimlaza bibi taratibu, kisha akamwendea dada.

"Nisamehe, mdogo wangu. Kifaa ni changu na kosa ni langu. Habari hii ulistahili kuisikia faraghani. Nitamweleza mkuu wangu leo hii. Ila dawa usiikimbie. Kifafa hakiambukizi, na ukimeza dawa vizuri utashona kama kawaida."

"Na hawa waliosikia?"

Bibi akakohoa. "Mimi, mjukuu wangu, masikio yamezeeka. Nimesikia njaa tu."

Dada alicheka bila kupenda, machozi yakimtoka. Chiriku akamsogelea. "Dada, ni mimi niliyebonyeza. Nisamehe. Sitamwambia mtu, hata rafiki yangu."

Dada akavua viatu. "Haya, nileteeni hiyo dawa."

Jioni, wakirudi nyumbani, mama alimshika Chiriku mkono.

"Najua ulitaka kusaidia. Lakini mgonjwa anatupa siri yake ili tumtibu, si ili tuigawe. Tukiitoa nje, kesho atajificha na ugonjwa wake, na hapo hata dawa nzuri haitamfikia. Kutunza siri ya mgonjwa, mwanangu, nako ni kuuguza."