Sindano Mkononi mwa Tshibangu

Ilikuwa Jumapili, tarehe kumi na nne Septemba 1975, saa tisa na dakika ishirini mchana, Laurentine aliposikia wimbo wa mume wake ukitoka katika vipaza sauti vya Serkle. Mume wake alikuwa na miezi minne kaburini.

Alikuwa uani akianua nguo, maana vumbi jekundu la machimbo lilikuwa limeanza kupanda. Mwanzoni hakushtuka. Kila Jumapili baada ya misa watu wa kambi walikwenda Serkle, jumba la starehe la wafanyakazi, kila mmoja na diski yake kwapani: nyimbo za zamani za rock ambazo mafundi wa Kizungu waliziacha walipokuwa wakirudi kwao. Mtu aliweka wimbo anaoupenda, kisha akashika mikrofoni na kusema, "Huu wimbo unanikumbusha," akasimulia. Kiingereza hakuna aliyekijua. Nyimbo walizipa majina wenyewe: Ile ya Kengele, Mvua ya Kamina, Mama Amekasirika.

Aliyeuanzisha mchezo huo ni Tshibangu, mume wa Laurentine. Wimbo wake aliuita Treni ya Dilolo, kwa sababu gitaa lilianza polepole, tuku, tuku, kama treni inayotoka stesheni, halafu likalia kama king'ora. Katika treni hiyo, mwaka wa kwanza wa ndoa yao, Laurentine alimtapikia viatu vipya kwa mimba ya kwanza, na Tshibangu akawatangazia abiria wote, "Muone bibi yangu! Viatu vya harusi anavilisha!" Kila alipoweka diski ile alivisimulia viatu vile, na kila mara Laurentine alijifunika uso kwa kitenge akicheka.

Ndipo nguo ilipomtoka mkononi. Diski ile alikuwa ameifungia mwenyewe ndani ya sanduku la chuma, chini ya kitanda, na katika mji mzima wa Kolwezi hakuna nyingine.

Aliingia, akapiga magoti, akafungua. Ilikuwepo. Alipoigusa ilikuwa na joto, kama sahani ya bukari, ugali wa huko, iliyowekwa mezani sasa hivi, na sanduku lilinuka jiwe lililosagwa na grisi ya mashine. Nje wimbo uliendelea.

Ulipokoma, alisikia sauti ya tata Ngeleka, fundi cherehani, mzee asiyejua huzuni. "Ee batu, mi niliweka Ile ya Kengele, sijue hii imetoka wapi. Huu wimbo unanikumbusha..." Kisha sauti ikashuka, ikawa na mkwaruzo, na Laurentine aliitambua kabla ya neno la pili.

"Mi nilitundika jetoni yangu pa musumari. Nilitundika, kisha niliingia."

Kila mfanyakazi wa kiwanda alikuwa na jetoni, kipande cha shaba cha mviringo chenye namba yake na tundu dogo katikati. Anayeingia ndani ya kinu cha kusagia mawe kuondoa jiwe lililokwama huitundika kwenye msumari karibu na swichi, na ikining'inia hapo hakuna mkono mwingine unaoruhusiwa kuigusa, hata wa mkubwa wa kazi. Mwezi wa Mei kinu kiliwashwa Tshibangu akiwa ndani. Aliyekuwa kwenye swichi ni Kazadi, mwenzake wa zamu, rafiki yake. Kazadi aliapa kwamba msumari ulikuwa mtupu. Jetoni namba 4417 haikuonekana tena, na karatasi ikaandikwa: kosa la marehemu.

Kwa karatasi hiyo Laurentine na watoto wake watatu walitakiwa kuiacha nyumba ya kambi mwisho wa Septemba. Lakini lililomchoma zaidi ni hili, kwamba jina la mume wake lilikuwa fundisho la vibarua wapya: usifanye kama yule mjinga.

Na kulikuwa na jambo jingine. Diski ya Treni ya Dilolo ilikuwa na tundu kubwa. Haikukaa kwenye gramofoni ya Serkle bila kiini cha kulijaza. Kiini alichotumia Tshibangu kilikuwa jetoni yake. Ilienea kana kwamba ilitengenezwa kwa kazi hiyo. Tangu jetoni ipotee, wimbo ule haukuweza kupigwa na mtu yeyote.

Laurentine alikuwa mtu wa Legio ya Maria, chama cha sala cha Wakatoliki, mtu wa rozari, na kwa waganga hakwenda. Lakini siku ya mazishi, kabla jeneza halijapigwa misumari, alifanya kama bibi yake alivyofanya zamani huko Kasai. Alimpa marehemu kitu cha kushika. Wengine hutoa wembe. Yeye alitoa sindano ya gramofoni, akamfumba vidole juu yake, akainama sikioni. "Kama ni Mungu alikuita, lala. Kama ni mukono wa mutu, usilale."

Neno hilo hakulisema hata katika kitubio.

Jumapili iliyofuata alikwenda Serkle mwenyewe, akakaa karibu na mlango. Mado, mkunga, aliweka Mvua ya Kamina. Ikatoka treni, tuku, tuku. Mado alishika mikrofoni akitabasamu, na tabasamu likabaki usoni kama nguo iliyosahauliwa kwenye kamba, huku sauti ya mwanamume ikimtoka kinywani.

"Mukono ulikuya. Mukono ulikuwa na saa ya rangi ya zahabu."

Vichwa vikageuka. Kazadi, ambaye sasa ndiye aliyeangalia gramofoni ya Serkle, aliuingiza mkono wake wa kushoto mfukoni pamoja na saa yake.

Jumanne mchana Kazadi alifika kwa Laurentine, amejaza pamba masikioni. Aliongozana na tata Asani, mfanyabiashara wa vitambaa wa soko la Manika, Mwislamu mwenye asili ya Kasongo, ambaye watu wa dini zote walimfuata kwa mambo ya majini.

"Hodi, mama."

"Karibu, tata Asani. Ule abakie pa mulango."

Asani aliketi. Alisema polepole, kwa sauti ya chini. "Mama, huyu alikuya kwangu analia, anasema ni jini. Nilisoma, nilifukiza ubani. Jini anaposikia Kitabu anakimbia, ao anatukana. Hiki hakijibu. Kinazunguka tu mu masikio yake, krr, krr, na jua liko pa kichwa." Aliitazama rozari ukutani, kisha mikono ya Laurentine. "Mi nafukuza majini. Sifukuzi mutu mwenye haki. Huyu wa mu masikio yake alitumwa. Aliyemutuma njo anaweza kumwita arudi."

"Mama Laurentine," Kazadi alisema pale mlangoni, "hata bukari nikikula nasikia mawe mu meno. Henriette alirudi kwao na batoto, anasema nanuka kinu. Unihurumie. Na bwana yako tulikula mu sahani moja."

"Njo maana anajua njia ya kinywa chako. Jumapili nitakuya na diski."

"Hapana, mama! Si ile!"

"Ile."

Jumapili ya tarehe ishirini na nane hapakuwa na kiti kitupu. Zilikuwa zimebaki siku mbili Laurentine atoe vyombo vyake nje. Alipita katikati ya watu na diski ndani ya kitenge, akaifungua mezani.

"Hii diski inataka kiini chake," alisema kwenye mikrofoni. "Kazadi, kiko wapi?"

"Mi nitajua wapi?"

"Tafuta mu mufuko."

Kazadi aliwageukia watu akicheka. "Muone mama wa Legio! Bwana amekufa, na akili imemufuata!" Wachache wakacheka naye. Akaingiza mkono mfukoni ili awaonyeshe kwamba hamna kitu, na mkono ulipotoka ulikuwa umeshika jetoni, imelowa, inachuruzika tope la kijivu la ziwa la taka za kiwanda, mahali ambapo kitu kikitupwa hakipatikani tena.

Hakuna aliyecheka tena. Kazadi aliitupa, nayo haikuanguka chali bali ilisimama kwa ukingo wake ikabingirika juu ya sakafu, ikapita kati ya miguu ya watu waliokuwa wakiinua magoti na kuwavuta watoto, ikazunguka nyuma ya viti, ikarudi hadi kwenye meza, na hakuna aliyeiona ikipanda, lakini walipotazama ilikuwa tayari katikati ya diski, na diski ilikuwa ikizunguka, na ule mkono wa gramofoni ulijiinua pasipo mtu kuugusa, ukakaa kimya juu kidogo kama mtu anayevuta pumzi, kisha sindano ikashuka, na harufu ya jiwe na grisi na kitu kingine, ambacho watu wa kinu walikijua na hawakutaka kukitaja, ikajaa ukumbi mzima.

Tuku, tuku. Tuku, tuku.

Kazadi alishika mikrofoni kwa mikono miwili kama mtu anayezama. Safari hii sauti haikuwa ya Tshibangu. Ilikuwa yake mwenyewe.

"Huu wimbo unanikumbusha musumari. Jetoni ilikuwa pale. Nilikuwa na haraka, mechi ilikuwa saa kumi. Nilifikiri alitoka kitambo, alisahau tu. Niliitoa mi mwenyewe, niliwasha. Nilimusikia." Midomo ilijaribu kufungana ikashindwa. "Nilimusikia na sikuzima upesi, juu niliogopa akitoka muzima atasema."

Wimbo ulifika mwisho. Sindano ilibaki ikikwaruza, krr, krr, na kila mzunguko Kazadi alirudia, "Sikuzima upesi. Sikuzima upesi." Akapiga magoti miguuni pa mjane.

"Mama, mwite! Mwambie inatosha!"

"Kesho utaandika hayo pa biro ya mukubwa wa kazi, na mukono wako huohuo."

"Nitaandika. Na weye utaomba kesho?"

"Nitaomba siku ya marehemu, tarehe mbili Novemba."

"Mama, ni majuma matano! Nitafika?"

"Mi nahesabu toka Mei," Laurentine alisema. Akaichukua diski yake pamoja na jetoni, akatoka.

Kazadi aliandika. Karatasi ya kwanza ikachanwa, na nyumba haikuhamwa. Vibarua wapya wakaambiwa habari za mtu aliyetundika jetoni yake ipasavyo. Kazadi alikonda hata saa ya dhahabu ikamchomoka mkononi yenyewe.

Tarehe mbili Novemba mvua ilikuwa imeshaanza. Laurentine alifika makaburini na watoto, mishumaa chini ya mwavuli. Nje ya lango alisimama Kazadi, pamba masikioni, akingoja. Laurentine alimtazama kitambo. Kisha akaweka jetoni juu ya udongo, akamwita mume wake kwa jina la ubatizo, lile ambalo serikali ilikuwa imelikataza pamoja na majina yote ya Kikristo, kwa sababu hakutaka Mungu akosee mtu.

"Bwana, umpe Anselme Tshibangu raha ya milele, na mwanga wa milele umuangazie. Umsamehe makosa yake, na mimi unisamehe kumtuma, maana nilimtuma nikijua ninachofanya. Kazi yake imekwisha. Umlaze pahali pasipo kelele wala mawe. Lakini ile sindano, Bwana, usiitoe mkononi mwake. Alale nayo, kwa sababu yule aliye langoni bado ana kinywa, na kinywa husahau. Apumzike kwa amani. Amina."