Chisense juu ya uwanja wa Baba

Ilianza siku ya ine, Alhamisi, saa kumi na mbili na nusu ya asubui. Nilitoka na raketi mukononi, nikakuta uwanja wetu wa tenisi umejaa samaki.

Niko na miaka kumi na saba. Tunaishi mimi na Baba tu, hapa Nchelenge, karibu na soko ya Kashikishi. Marehemu mama alikuwa wa ng'ambo ya ziwa, Kongo; Kiswahili hiki ni chake. Mimi niko mutoto wa haya. Mbele ya watu maneno yananikaukia... lakini nikishika raketi, ninakuwa mutu mwingine!

Baba alikuwa muchezaji wa kulipwa. Alizunguka Ulaya miaka na miaka, mpaka bega ikakatala. Akarudi, akaponda udongo wa kichuguu, akaupigilia mpaka ukawa mugumu kama sementi. Tukakata wavu kwenye nyavu nzee za wavuvi. Hapo njo alinifundisha. Siku ya posho ile, Jumamosi, nilipaswa kuwa Lusaka, kujaribiwa kwa timu ya vijana.

Sasa, uvuvi ukifunguliwa baada ya miezi ya kukatazwa, bamama wa chisense, samaki wetu wadogo, wanatafuta mahali pagumu pa kuanika, pasipo muchanga. Kila mwaka waliomba uwanja, kila mwaka Baba aliwakatalia. Mwaka huu je?

Nilidhani wameingia kwa nguvu. Mama Kapya, mukubwa wao, akacheka.

"Weye shampioni, shika ufagio utusaidie kugeuza."

Kisha akanionea huruma. Akaniambia Baba mwenyewe aliwafungulia, na amesema Lusaka siendi tena.

Nilimukuta Baba nyuma ya nyumba. Nililia, nikamuuliza nimemukosea nini.

"Siku mama yako alikufa, nilikuwa kwenye mechi," alisema. "Waliniita kwa simu, sikushika. Na ile mechi nilishinda, mwanangu. Sasa weye unacheza sawa na mimi. Ninaogopa."

Miaka yote nilidhani anafurahi... kumbe kila mupira niliopiga vizuri ulikuwa unamuchoma! Saa kumi nilisikia honi ya basi ya Lusaka barabarani. Ikapita. Ikaenda na maisha yangu.

Wenzangu munaosoma, ninawaomba. Ukiwa na muzazi aliyeacha kazi kubwa, usipande tu juu ya jina lake. Muulize kwanza kazi ile ilimunyang'anya nini. Mimi haya ilinifunga mudomo, sikuuliza hata mara moja... na ona nilipo!

Asubui iliyofuata kunguru walishuka juu ya chisense. Bamama walikuwa bado kufika. Nilichukua raketi, nikasimama katikati ya uwanja, nikaanza kuwafukuza, machozi yanashuka, ninapiga hewa tu.

Baba alikuwa mulangoni. Alinitazama muda.

"Kiwiko juu," alisema polepole.

Nikainua kiwiko, nikapiga tena.