Nyayo Zilizojaa Maji

Kilichomshtua kwanza dereva wa lori ni harufu ya udongo uliolowa, jua linawaka, mahali ambapo hata mate hukauka kabla hayajafika chini.

Alikuwa ndani ya mto mkavu. Usishangae: kule jangwani mchonga barabara ni maji. Kila upande majabali, lakini mafuriko ya zamani yalipasua vilima, yakatandaza mchanga, yakaenda zao. Malori nayo hupita yalipopita maji. Na huyu dereva, nakwambia, korongo lile angelipita amefumba macho, tena huku anakula.

Ila mchanga hauaminiki. Ndiyo maana mmoja hushuka akatangulia kwa miguu, anachomachoma fimbo, na dereva anafuata nyayo zake. Siku hiyo alishuka kaka yake, tumbo moja, na lori jingine likiwafuata kwa mbali.

"Nifuate mimi tu, mdogo wangu. Usiangalie pembeni."

"Kaka, tangu lini nikakuacha? Labda uanze kukimbia!"

Kaka hakucheka. Akapotelea nyuma ya jabali la kwenye kona, akatokea tena, akaendelea mbele, mgongo uleule, shati lilelile.

Dereva akafuata. Kisha akatazama zile nyayo. Zilikuwa zinajaa maji.

Akakanyaga breki. "Kaka?" akanong'ona.

Yule akasimama bila kugeuka. "Kaka yako ameshadandia lori la nyuma, wamegeuza. Mwaka jana alikwama hapa, mafuriko yanakuja, akanililia nimwachie. Nikamwachia. Akanipa wewe."

Dereva aliruka, akaparamia ukingo kwa kucha na magoti, nyuma yake mngurumo wa mawe yanayosagana, maji mekundu yamesimama kama ukuta, yakalizoa lori lake kama kibiriti, na ndani ya mngurumo huo kitu kinacheka kwa sauti ya kaka yake: "Nenda basi nyumbani, uone nani atakufungulia!"

Alitembea mpaka soli zikaisha. Kwake alikuta uani pamejaa waombolezaji. Walipomwona wakatimka ndani, wanakanyagana, mlango ukabamizwa.

"Mke wangu, ni mimi!"

"Msifungue!" Kaka yake, kwa kilio. "Nilimwona akizama kwa macho yangu haya. Hilo ni jini, limevaa sura yake."

"Lakini shemeji, sauti ni yake."

"Ndivyo yanavyokuja."

Dereva akasikia nyayo za mkewe zikisogea, pumzi yake kwenye upenyo wa mlango.

"Kama ni wewe kweli," akanong'ona mkewe, "utusamehe."

Kisha akasukuma komeo, akaufunga mlango kwa ndani.