Kamba ya Tano ya Rimoki

Jioni ile, mwaka wa 1953, nilizunguka soko la Kasongo nikitafuta mtu wa kunifikishia rimoki yangu Kabambare. Ilikuwa kigari cha chuma cha magurudumu mawili, kisicho na injini, cha kufungwa nyuma ya kamio, yaani lori. Karani wa pamba wa Kabambare alikuwa na kamio bila rimoki. Ahadi yake ilikuwa fupi: ikifika kabla ya soko la kwanza la pamba, siku ya Jumatatu, ananiandika mchukuzi. Isipofika, narudi kwenye shamba la pamba la lazima, na fimbo mgongoni. Makovu nilikuwa nayo ya kutosha.

Emile, dereva wa mfanyabiashara mmoja, alitaja bei ya kunivua suruali. Tena alikuwa amelewa, na madaraja ya miti njiani yalikuwa mabovu. Wengine wakanishauri niifungue vipandevipande ibebwe vichwani. Nani angeiunganisha huko? Nilikuwa karibu kukata tamaa mzee mmoja aliponiita kutoka nyuma ya wauza ndizi. Kanzu yake ilikuwa safi, imepigwa pasi. Alisema anaitwa Bulaimu.

"Niko na watu wa kuvuta," alisema polepole. "Haiwezi kupinduka. Siku ine, inafika."

"Bei gani, baba?"

"Hapana feza. Unipatie tu jina la marehemu moja wa kwenu. Mwenye alikuwa na nguvu."

Nyumbani kwetu sisi ni Waislamu. Mtu akikuomba jina la marehemu wako kabla ya safari, unajua anataka kumsomea dua. Sikufikiri mara mbili. Nilimpa jina la kaka yangu Atumani, aliyekuwa akiinua gunia la chumvi kwa mkono mmoja. Tulikuwa tumemzika wiki tatu kabla, hapohapo Kasongo. Hata nilimshukuru yule mzee. Mjinga mimi!

Tuliondoka Alhamisi jua likizama. Wavutaji walikuwa wanne, vichwa vyao vimefunikwa magunia. Kamba zilikuwa tano.

"Hii ya tano ni ya nani?" niliuliza.

"Mwenyewe iko njiani," Bulaimu alijibu.

Tulitembea kuanzia machweo tu, mchana tukajificha porini. Wale watu hawakusema. Hawakukohoa. Nilisikia nzi peke yao, weusi, wazito, wakivuma ndani ya yale magunia... Asubuhi ya kwanza niliwapelekea ugali na sombe, mboga ya majani ya muhogo, maana mwenye mzigo ndiye hulisha wachukuzi. Waliushika tu. Jioni walikuwa bado wameushika, na funza wanatembea vidoleni mwao.

Jioni ya pili kamba ya tano ilikuwa na mtu. Alivaa shuka nyeupe, tope hadi shingoni, na gunia kichwani kama wenzake. Harufu yake ilikuwa mbaya kuliko ya wenzake, mbichi zaidi, ikikaa kooni hata ukifunga pua. Nilijilazimisha kutoitazama ile shuka. Nilitazama rimoki, nikawaza Jumatatu.

Jioni ya nne, baada ya kuvuka mto Luama, mvua ikatukuta mlimani. Gurudumu likazama. Nilikwenda ubavuni nisukume. Bulaimu akapiga kofi moja, wote wakavuta kwa nguvu, na kamba ikateleza kwenye bega la yule wa tano.

Ngozi ikatoka nayo.

Yote... kama ganda la muhogo uliochemshwa. Damu haikutoka. Yalitoka maji ya kahawia, yakanirukia mdomoni. Nilitema. Nikatema tena. Gunia likamtoka kichwani. Jicho moja halikuwepo, lakini lile kovu la shoka kidevuni nililijua tangu utoto.

Kaka yangu.

Alinigeukia. Mdomo wake ukafunguka, ukamwaga udongo.

Bulaimu aliniinamia sikioni. "Ukimuita jina," alinong'ona, "ataanguka, atarudia kulala. Lakini hawa wane hawawezi mulima. Rimoki itabakia hapa."

"Umemufanya nini, muchawi wewe?"

"Mimi? Wewe ndiye ulinipatia."

Kabambare ilikuwa milima miwili mbele. Soko lilikuwa kesho.

"Yaya..." nilisema. Ndivyo nilivyomwita kaka yangu siku zote. Jina lenyewe lilikuwa tayari kwenye ulimi, pamoja na ile ladha. Alisubiri. Jicho lake moja lilisubiri. Nikaikumbuka fimbo inavyolia kabla ya kukufikia.

Nikafunga mdomo. Nikaweka bega, nikasukuma.

Naye akainamisha kichwa, akavuta.

Watu huwatukana wachawi. Mimi nikitaka kutukana, huanza na mdomo wangu mwenyewe. Najichukia nikiusimulia usiku ule.

Kulipokucha tulikuwa Kabambare, mimi na rimoki peke yetu. Haikuwa na hata mkwaruzo. Nilimuulizia Bulaimu kila mahali, hakuna aliyemjua. Kwenye kamba ya tano kulikuwa na vitu vimeganda. Nilivikwangua kwa kijiti, nikaosha mikono, nikaandikwa mchukuzi. Saa mbili nilikuwa napakia pamba.

Msimu ulipokwisha, kamio lilishusha pamba Kasongo na rimoki nyuma yake. Régina, mjane wa kaka yangu, alikuja kunisalimu.

"Shemeji, kaburi ya bwana yangu imeingia ndani," alisema. "Ni mvua?"

"Ni mvua," nilimjibu.

Aliniomba udongo wa kulijaza. Ningekataaje? Niliuleta kwa rimoki, tukaumwaga wote. Kaburi likaumeza. Régina alichungulia ndani, kisha akaniomba nikalete mwingine.