Mjomba Spana Apokea Mwanafunzi

Pampu za kumwagilia zilijaa karakanani kwa Mjomba Spana hadi mlangoni. Miche ya wakulima ilikuwa ikinyauka, na fundi ni mmoja, mikono miwili. Hata hivyo, mwanafunzi hakumtaka. Wa mwisho, alisema, alifagia miezi mitatu, kisha akatoweka na ufagio.

Sasa mpwa wake, binti wa dada yake, alihitaji wiki nane za mazoezi kazini, la sivyo asingemaliza chuo. Karibu na kwao hapakuwa na karakana nyingine. Mwalimu wake akaja naye, akaketi juu ya tairi kuukuu, akauliza:

"Yule wa ufagio alijifunza nini hapa?"

"Kufagia."

"Basi ulimfundisha vizuri."

Mjomba akacheka bila kupenda. Mwalimu akamweleza kwamba mazoezi huanza na mkataba wa pande tatu: karakana, chuo na mzazi. Mwenye karakana hutaja kazi anazotaka mwanafunzi azijue. Chuo hufundisha kwanza misingi na usalama. Kazini, fundi huonyesha, mwanafunzi hufanya, fundi hukagua na kutia sahihi daftarini. Mwalimu hupita kila wiki.

Mjomba akakubali, kwa ajili ya dada yake tu.

Wiki ya kwanza daftari halikupata sahihi hata moja. Kila alipofika kwenye sili, ile pete ya mpira inayozuia maji kuvuja, Mjomba aligeuka akaficha kazi. Alihofia kuwa siri ikitoka, kesho atafunguliwa karakana mbele ya pua yake.

Ijumaa binti akasema kwa upole, "Mjomba, mgongo wako nimeusoma wote. Naomba na ukurasa wa mbele."

Mjomba akazitazama pampu zilizopangana. Kisha akasogea kumpa nafasi.

"Njoo. Usilazimishe. Ikigoma, ujue umeikosea."

Sili ya kwanza binti aliichana. Ya pili ikavuja. Ya nne haikutoa hata tone. Mjomba akatia sahihi, grisi ikapakaa ukurasa mzima.

Wiki nane zilipoisha, binti alifaulu, na hakuna mkulima aliyekuwa akisubiri pampu. Mjomba akaenda chuoni mwenyewe kuomba wanafunzi wengine wawili.

Jirani yake seremala akamuuliza, "Na wakikuzidi?"

"Huyu wangu ameshanizidi kwenye sili. Mkono wangu umeanza kutetemeka, wake umetulia. Wewe mkono wako ukoje?"

Seremala akaweka randa chini.

"Huyo mwalimu," akauliza, "hupita siku gani?"