Karatasi ya Kumgeuza Bi Ardis

Haya alinisimulia Darlene mwenyewe, kichwa kainamisha, tulipokuwa majirani kule Duluth. Alikuwa msaidizi wa wauguzi kwenye nyumba ya wazee. Bi Ardis hakuweza kujigeuza kitandani, basi kila baada ya saa mbili Darlene amgeuze, kisha atie sahihi kwenye karatasi.

Siku hiyo theluji iliwazuia wenzake, akafanya kazi peke yake. Bi Ardis akamwita, "Nigeuze mwanangu, mgongo unawaka moto."

"Subiri bibi, kwani unakwenda dansi?"

Akaandika kabla wakati haujafika: saa kumi na mbili jioni, kageuzwa kuelekea mlangoni. Akatia sahihi, akaenda kunywa kahawa.

Aliporudi giza limeshaingia, maana kule majira ya baridi jua huzama mapema, na Bi Ardis amekufa, chali vile vile alivyomwacha. Darlene akasimama mlangoni, anaona aibu hata kuita mtu.

Mara umeme ukakatika. Akasikia shuka linaburuzwa, kitanda kinalia kwii, kwii.

Taa ziliporudi ilikuwa saa kumi na mbili kamili. Bi Ardis kalalia ubavu, mto umepachikwa mgongoni, macho wazi, yanatazama mlangoni.

Haya wajukuu zangu, geukeni mlale.