Mti Haujui Kusoma

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alipanda kigoda katika karakana ya shangazi yake ili apime mti. Jina la Chiriku alipewa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake, ambao haukujua likizo. Shangazi alikuwa fundi wa pinde. Mti wenyewe ulikuwa pande refu lililolazwa juu ya boriti, mbali na jua na mbali na jiko. Ncha zake mbili zilipakwa rangi ya mafuta, maji yasije yakatoka huko kwa pupa na kuupasua.

Gogo lilipopasuliwa lilitoa mapande matatu. Mawili yaliingia nyufa wiki ya kwanza tu. La tatu lilibaki zima, nalo lilikuwa na mwenyewe tayari: dada yake Chiriku, mlenga shabaha wa shule, ambaye upinde wake wa zamani ulikuwa umevunjika. Mashindano yalikuwa yanakaribia, na shangazi alishaahidi.

"Mti mbichi una maji ndani," shangazi alimweleza Chiriku. "Yakitoka, uzito unashuka. Ukiona uzito umesimama wiki tatu mfululizo, niambie, hapo umekauka. Nikiuchonga kabla, upinde utapinda na kubaki umepinda, na mti tutakuwa tumeupoteza."

Basi Chiriku aliutundika kwenye mizani ya kuning'iniza, akasoma, akaandika kilo kwa penseli mgongoni mwa mti: 4.1, halafu 3.8, halafu 3.5. Alijivuna mpaka dada yake akamwita daktari wa miti.

Jumamosi ya nne mizani ilimponyoka ikaanguka sakafuni. Springi ilikwama, na tangu hapo hata angetundika tembo ingeonyesha kilo moja. Chiriku aliirudisha kwenye msumari wake na kutazama mlangoni. Hakuna aliyemwona. Aliogopa kusema, akajiambia atasema kesho. Siku hiyo alichukua penseli akaandika 3.3 kutoka kichwani mwake. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, hata sare za shule zilizofuliwa Jumatano zilikuwa bado mbichi kambani.

Kesho ilizaa kesho nyingine. Namba zilizofuata nazo zilitoka kichwani: 3.1, 2.9, kisha 2.8 mara tatu. Shangazi alizisoma mara mbili, kisha akasema kwamba Jumamosi ijayo atachonga.

Wiki hiyo Chiriku hakula akashiba. Mdomo wake ulifungwa, mpaka mama yake akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Dada yake, maskini, alipigilia msumari ukutani juu ya kitanda chao, mahali pa kuutundika upinde mpya. Kila Chiriku alipouona msumari ule, aligeuza uso.

Jumamosi ilifika. Shangazi aliubana mti kwenye jiliwa, akaketi kunoa kisu cha kuchongea. Alinoa, akakijaribu kwenye vinyweleo vya mkono, akakiweka chini. Akakichukua tena, akanoa. Dada alikaa pembeni akitabasamu. Chiriku alisimama mlangoni. Alijua kwamba akinyamaza lawama itauangukia mti, kwa kuwa mti hauna mdomo wa kujitetea. Shangazi alinoa mara ya tatu, kisha akaweka makali juu ya mti.

"Shangazi, usichonge," Chiriku alisema. "Namba nimezitunga. Mizani niliivunja mimi."

Dada yake aliinuka akatoka. Shangazi aliweka kisu mezani.

"Kisu hiki kilikuwa kikali tangu saa mbili," alisema. "Nilikuwa nakungoja wewe." Aliweka kidole juu ya ile 3.3. "Wiki ya mvua, nguo za mji mzima zilikataa kukauka. Mti wako peke yake ndio uliokauka. Nikajua hapa mizani haikusema kitu."

"Na kama nisingesema?"

"Nisingechonga. Lakini nisingekupa tena kazi ya kunisaidia, na hilo lingeniuma kuliko mti."

Waliubeba mti hadi kwa muuza nyama, ambaye aliuliza mnyama huyo alikuwa na miguu mingapi. Mizani yake ilionyesha 3.2. Mti ulikuwa bado mbichi, na mashindano yalibakiza wiki tano. Shangazi alifikiri, akaamua kuuchonga nusu tu bila kuukunja, kwa kuwa mti mwembamba hukauka upesi, kisha kuurudisha juu ya boriti. Namba za uongo zilianguka sakafuni pamoja na maranda, na Chiriku ndiye aliyeyafagia.

Dada yake hakumsemesha siku mbili. Siku ya tatu alimwomba sabuni. Chiriku naye kila asubuhi kabla ya shule aliubeba mti begani hadi kwa muuza nyama, akapima, akaandika. Uzito ulishuka shingo upande. Asubuhi moja, baada ya manyunyu ya siku mbili, mizani ilionyesha 1.4 wakati jana yake ilikuwa 1.3. Penseli ilisita hewani. Akaandika 1.4.

Siku kumi kabla ya mashindano namba ilisimama, na asubuhi saba zilizofuata haikusogea; kwa mti mwembamba hizo zilitosha. Shangazi akamaliza kuchonga. Dada aliuvuta upinde uani, akaachia, nao ukarudi ulivyokuwa. Karibu na mshiko shangazi alikuwa amebakisha namba moja bila kuifuta: 1.4. Chiriku akauliza kwa nini hiyo.

"Kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu kuandika," shangazi alisema. "Mti haujui kusoma, mwanangu. Ukiuandikia kwamba umekauka, haukauki. Penseli inaweza kunidanganya mimi, lakini kazi haidanganyiki. Ukikosea, sema siku ile ile, kosa likiwa bado dogo."

Chiriku aliangalia chini.

"Basi shangazi, mguu wa kigoda umelegea. Ni mimi."

"Lini?"

"Leo asubuhi."

Shangazi alicheka, akanyoosha mkono kuchukua nyundo.